Moto wa Manjano Katika Oveni ya Mama Mkwe

Mpendwa Cek Romlah,

Naomba msaada wako, shangazi yetu wa gazetini, na kama inawezekana naomba barua hii uisome kabla ya nyingine zilizo mezani kwako, kwa sababu Jumamosi hii oveni ya mama mkwe wangu itawashwa tena, na katika nyumba ile yote ni mimi peke yangu ninayejua ilichofanya mwaka jana, au ninayedhani najua, na huko kudhani na kujua ndiko kulikoninyima raha kwa miezi kumi na moja sasa.

Nina umri wa miaka ishirini na sita, nafundisha kemia sekondari hapahapa Palembang, upande wa Ulu, ng'ambo ya mto, na tangu niolewe naishi kwa mama mkwe, maana mume wangu Firdian ndiye kitinda mimba na kwao kitinda mimba hahami. Majina yote nimeyabadilisha. Mama mkwe nitamwita Umak tu, kama tunavyomwita sote nyumbani. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu, macho yake yameanza kuingia ukungu, na mtaani anajulikana kwa jambo moja, nalo ni maksuba yake.

Wewe mwenyewe unajua, Cek, maksuba ni keki isiyo na unga wa kujifichia. Ni mayai ya bata ishirini na nane, sukari, siagi na maziwa mazito ya kopo, unamwaga upawa mmoja, unasubiri tabaka liive kwa moto wa juu, unalikandamiza, unamwaga upawa mwingine, na hivyo hivyo kwa saa nne au tano umekaa mbele ya oveni kama mlinzi. Unajua pia kwamba mkaza mwana mpya hupimwa kwayo. Siku ya Idi mama mkwe huikata mbele ya wageni na kuyatazama matabaka kabla hajaonja, yakiwa yamenyooka basi mwanawe ameoa mwenye subira, na yakiwa yamelala watu hunyamaza, na kuliko kimya kile afadhali matusi. Mimi kwa kuwa naishi naye niliambiwa nitaipikia jikoni kwake, kwenye oveni yake, na yeye akiwa pembeni.

Oveni yenyewe ni ya gesi, ya bati, ya zamani, ina moto wa chini na moto wa juu, na sakafu yake ina matundu ambayo moto huvutia hewa. Jiko lina dirisha moja tu linalotazama mtoni. Upepo wa mto ukiingia moto wa juu huyumba na tabaka huiva upande, kwa hiyo siku za kuoka Umak hufunga dirisha, hufunga mlango, husukumia saruni kuukuu chini ya mlango, na juu ya tundu la nyuma ya oveni hutandaza kitambaa kilicholoweshwa maji ili joto lisitoroke. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, aliyekuwa akioka kwa makaa ya moto juu ya kifuniko, ila mama yake alikuwa na jiko la mbao lililojaa mianya na Umak ana jiko la matofali lililopigwa plasta. Mwaka jana pia kulikuwa na karatasi ya foili iliyotandikwa kwenye sakafu ya oveni ili siagi isidondokee.

Tulikuwa wanne mle ndani, siku ya ishirini na sita ya mfungo, Umak, mimi, jirani mmoja mjane aliyekuja kupiga mayai akaondoka mapema, na wifi yangu Rusmala aliyekuja kutoka kwa mumewe Lampung akiwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza, baada ya kungoja miaka sita. Alikuwa amefunga. Hakuna aliyemlazimisha, alisema mwaka huu ana la kumshukuru Mungu.

Mchana kioo cha dirisha kilikuwa kinatiririka maji kwa ndani. Rusmala alisema, "Mak, fungua kidogo tu, nimekuwa samaki wa moshi."

"Moto wa juu ni bibi harusi," Umak akamjibu, "hapendi upepo wala kuchunguliwa. Kama unataka upepo nenda darajani, na ukirudi uniletee samaki huyo."

Tulicheka. Baadaye Rusmala akasema kichwa kinamgonga, nikasema na changu, na Umak akasema hata chake. "Ni saumu hiyo," alisema. "Siku ya ishirini na sita hata mwizi anaumwa kichwa." Rusmala akatoka akakaa barazani, na baada ya muda nikamsikia akisema kwa mshangao, kama mtu aliyepata kitu kilichopotea, "Ajabu, nikikaa huku kinaacha."

Neno hilo, Cek. Nililisikia. Nikainama kuchungulia kitundu cha moto chini ya oveni, na moto uliotakiwa kuwa wa buluu ulikuwa wa manjano, mrefu, unalambalamba, na kitako cha chombo nilichokuwa nimetoka kukitoa kilikuwa na masizi. Nikaenda dirishani nikashika komeo. Umak bila kugeuka akasema, "Msomi, mkono kwenye upawa. Bado matabaka sita." Nikaacha komeo nikashika upawa. Kisha akapaza sauti barazani, "Rus, mwanao anataka kula maksuba au anataka kula upepo?" Rusmala akarudi ndani anacheka, akakaa kwenye kigoda chake mbele ya oveni, na hapo alikaa mpaka tabaka la mwisho. Alitapika mara moja. Alipoinuka magoti yalimkataa, tukamshika.

Kesho yake tulioka tena. Kesho kutwa yake Rusmala alisema mtoto hachezi. Hospitalini daktari aliuliza kama amekuwa akifunga, na Umak akajibu ndiyo kabla Rusmala hajafumbua mdomo, na swali jingine halikuulizwa. Mtoto alikuwa amekufa tumboni. Alikuwa wa kike. Siku ya Idi watu walikuja kutupa pole, na kwa kuwa nyumba haikuwa na kitu kingine kilichoandaliwa, waliandaliwa maksuba ileile. Umak aliikata. Matabaka yalikuwa yamenyooka kama mistari ya daftari na mtu mmoja, kwa mazoea tu, alinisifu.

Tangu siku ile ndani ya ukoo inajulikana kwamba Rusmala alimpoteza mtoto kwa kung'ang'ania kufunga. Hakuna anayemtukana. Mumewe Hamdani hakumgombeza hata siku moja, aliacha tu kula naye meza moja kwa miezi mitatu. Umak kila akitajiwa husema, "Nilimwambia asifunge," na sikumbuki kama alimwambia. Na Rusmala mwenyewe aliniambia tukiwa tunafua, "Dek, mdogo wangu, mwanangu nilimnyima maji." Alisema vile kama mtu anayetaja tarehe ya kuzaliwa, nami nikaendelea kukamua shuka.

Miezi miwili baada ya Idi nilikuwa darasani nafundisha kuungua kusikokamilika, kwamba moto ukikosa hewa ya kutosha huwa wa manjano na hutoa masizi na gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu mahali pa hewa safi, na dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na magoti kulegea, na kwamba mtoto aliye tumboni huathirika kuliko mama. Somo lile nimelifundisha miaka mitatu. Safari hii niliandika ubaoni mpaka neno masizi, nikashindwa kuendelea, nikawaambia wanafunzi wanakili kutoka kitabuni.

Nilimwambia Firdian. Aliniuliza, "Una ushahidi?"

"Moto ulikuwa wa manjano."

"Basi ulikuwa wa manjano. Utakwenda kumwambia mama yangu, na moyo wake ule unaoruka mapigo, kwamba amemuua mjukuu wake, kwa sababu ya rangi ya moto? Wewe na kemia yako." Halafu kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza, akasema, "Aliyekufa amekufa. Usituzikie na wa pili."

Nikanyamaza, na ningeendelea kunyamaza, lakini Rusmala ana mimba tena, miezi minne. Anafika Ijumaa jioni. Alinipigia simu wiki iliyopita akiwa na furaha ambayo sijaisikia kwake tangu mwaka jana. "Mwaka huu sifungi hata siku moja, Dek, nimeapa, hata daktari amesema. Kwa hiyo niwekeeni kigoda changu palepale. Nyinyi wenye njaa mtakuwa mnapumzika nje, mimi nitakaa na oveni mchana kutwa."

Kuna jambo moja, Cek, ambalo hapo juu sikuliandika sawasawa. Ile foili niliitandika mimi. Niliinunua kwa fedha yangu, nikaikata, nikaikunja pembeni vizuri kama ninavyotandika kitanda, nikafunika matundu yote, kwa sababu nilitaka Umak aone oveni yake inang'aa. Alipitisha kiganja juu yake akasema, "Naam. Huyu mkaza mwana ana akili." Nilikuwa nimekaa ndani ya nyumba ile miezi minne na lile lilikuwa neno lake la kwanza zuri kwangu. Bado ipo. Umak huipangusa kwa kitambaa.

Sasa sijui. Nikimwambia Rusmala nitamtua mzigo, lakini nitamtwisha mama yake, na yeye ana moyo mbovu. Nikisema ni mimi, Firdian atakuwa mume wa mtu aliyefanya jambo lile. Nikinyamaza, Jumamosi inakuja. Nimewaza hata kuulegeza mpira wa gesi kwa siri Ijumaa usiku ili oveni isiwake, watu wadhani imeharibika. Nimewaza kuomba uhamisho. Nimewaza mambo mengine ambayo siandiki.

Najua ukurasa wako hutoka Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri mimi ndiye ninayemsomea Umak, kwa sababu ya macho yake, na anakupenda, husema wewe huzungushi. Ukiichapisha barua hii ninaweza kuiruka. Nimewahi kuruka nyingine, zile nilizoona haya kuzisoma mbele yake, na hakuwahi kujua.

Wako,
Mkaza Mwana, upande wa Ulu


Binti yangu,

Barua yako ilinifikia Jumanne na niliimaliza nikiwa nimesimama. Nitaanza na lile linaloweza kuua kabla ya yale yanayouma.

Mpira wa gesi usiuguse. Mwalimu wa kemia mzima, mwenye karatasi zake za chuo, anapanga kulegeza mpira wa gesi ndani ya nyumba waliyolala watu, ili asilazimike kusema sentensi moja. Isome tena sentensi hiyo. Gesi ikivuja usiku kwenye jiko lililofungwa, mtu wa kwanza atakayeamka kupika daku ndiye atakayewasha kiberiti, na mtu huyo ni mama mkwe wako. Kama ulishaulegeza, funga mtungi sasa hivi, utoe nje, na usiguse hata swichi ya taa mpaka nyumba imepigwa upepo.

Sasa pole. Nakupa pole, na siyo ya mdomoni. Ulikuwa mgeni ndani ya nyumba, unapimwa kwa keki, na mwenye nyumba alikuambia ushike upawa. Wengi wetu tungeshika. Nilioka keki za harusi miaka kumi na tisa kabla ya kuja gazetini na najua jiko la mama mkwe lilivyo, mle ndani hata mwenye shahada huwa mtoto wa darasa la kwanza. Lakini pole yangu inaishia mwezi ule uliposimama ubaoni. Kuanzia hapo hukuwa mgeni, ulikuwa mtu anayejua. Umeniandikia kurasa nne juu ya moyo wako, na dirisha lenyewe lililofungwa umelipa mistari miwili. Foili umenitajia mara mbili, mara ya kwanza kana kwamba iliota yenyewe ndani ya oveni. Binti, hatia nayo huwa na starehe yake. Mtu huikalia, huipasha moto, huigeuza huku na huku, na wakati huo wote foili iko palepale inapanguswa.

Na tuseme lililo kweli. Wewe hujui kilichomuua yule mtoto, na mimi sijui. Hakuna aliyempima Rusmala damu siku ile, kwa sababu hakuna aliyemtajia daktari oveni. Dalili ulizoandika ni nzito na ningekuwa wewe ningeamini kama unavyoamini, lakini utakapozungumza utasema "nadhani", hutasema "najua". Usiende kwa Umak na neno "umeua". Wala usijitwishe peke yako kwa kupenda kuonekana mwenye dhambi kubwa kuliko wote. Foili yako iliziba hewa ya chini, kitambaa chake kikaziba njia ya nyuma, dirisha likaziba yaliyobaki. Mlishirikiana, kila mmoja akitaka keki inyooke.

Firdian anaogopa moyo wa mama yake. Ni mwana mwema, na mwambie nimesema hivyo. Kisha mwambie kwamba dada yake pia ana moyo, na amekuwa akiubeba mwaka mzima akiamini alimnyima mwanawe maji. Kimya chenu hakikumlinda Umak dhidi ya msiba. Mlichukua msiba wote mkamwekea mtu mmoja mapajani, yule aliyekuwa ameshapoteza zaidi ya wote, kisha mkamsifu kwa kutulia. Na sasa anakuja kukaa kwenye kigoda kilekile.

Hilo halitatokea. Sikiliza.

Oveni hiyo haiwashwi mpaka imepoa kabisa, mtungi umefungwa, na foili imetoka yote, mpaka vipande vilivyoshikana pembeni. Matundu ya chini yazibuliwe kwa waya mwembamba na masizi yasuguliwe. Anayetaka kukinga siagi aweke trei kwenye rafu ya chini, trei ndogo kuliko oveni, ili hewa ipite pande zote. Kile kitambaa cha maji hakirudi kwenye tundu la nyuma, lile ndilo pua ya oveni, na Umak amekuwa akiiziba akidhani anaifunika isipate baridi. Mwite fundi wa majiko ya gesi Ijumaa hiyohiyo akague vichomeo na mpira. Akisema oveni imechakaa, imechakaa, mwaka huu maksuba itaagizwa kwa jirani na hakuna atakayekufa kwa aibu.

Akisema ni nzima, dirisha linabaki wazi tangu kiberiti cha kwanza mpaka tabaka la mwisho, na mlango pia. Najua upepo wa mto. Chukueni ubao mpana, msimamishe kati ya dirisha na oveni, ukingie moto usikingie watu, nilifanya hivyo miaka yote kumi na tisa. Na tabaka likiiva upande, geuzeni chombo. Anayewasha afungue kwanza mlango wa oveni, awashe kiberiti, ndipo afungue gesi, wala asianze na gesi kisha aanze kutafuta kiberiti. Moto ukizimika katikati, gesi ifungwe, mlango wa oveni uachwe wazi, na watu wahesabu dakika tano zilizojaa kabla ya kujaribu tena. Mimi niliwahi kuhesabu moja. Nyusi mnazoziona kwenye picha yangu hapo juu nimezichora kwa kalamu.

Moto uwe wa buluu. Ukigeuka manjano mnazima, hata kama limebaki tabaka moja, hata kama wageni wako mlangoni. Watu wawili wakiumwa kichwa kwa pamoja katika jiko moja, hiyo siyo saumu, saumu haimwachi mtu kwa sababu ametoka kukaa barazani. Mnazima, mnatoka wote, na mnakwenda hospitali mkiwa mnasema neno gesi kabla hamjaulizwa, ili damu ipimwe. Na Rusmala haingii jikoni. Si mwaka huu. Ana kazi nyingine, ya kusikiliza, naye ataijua Ijumaa jioni.

Maana utamwambia. Atakapofika Ijumaa jioni mpishe apumzike, ale futari na wenzake, kisha mkae naye sebuleni, wewe, Firdian na Umak, na Hamdani kwenye simu kama hakuja. Utasema ulichokiona kwenye kitundu cha moto, utasema ulivyoshika komeo na ulivyoliachia. Utasema nani alitandika foili. Atalia, na huenda akakuchukia. Hamdani anaweza kusema maneno ambayo hayatasahaulika. Siwezi kukuahidi kwamba watakusamehe, sijawahi kuona msamaha unaokuja kwa ratiba. Lakini asubuhi yake atakwenda kwa mkunga akiwa na habari ambayo daktari wa mwaka jana hakuipata, na kabla ya yote atakuwa amejua kwamba huenda hakumnyima mwanawe kitu chochote.

Hiyo ni jioni. Imebaki adhuhuri.

Umeniambia unaweza kuiruka barua. Nilifikiri sana kama niichapishe. Ningeweza kukuandikia pembeni, lakini ungeikunja ukaiweka ndani ya kitabu cha kemia, nakufahamu kutokana na mwandiko wako. Majina umeyabadilisha na mimi nimeyabadilisha tena, hakuna atakayewatambua mtaani. Atakayeitambua nyumba hii ni mtu mmoja tu, na yuko mbele yako sasa hivi, amekunja miguu, anakusikiliza, na pengine tangu mahali pa bibi harusi na upepo alishaacha kuchambua alichokuwa akichambua.

Kwa hiyo usipunguze sauti. Soma mpaka hapa, weka gazeti chini, mshike Umak mkono na umwambie kwamba barua hii umeiandika wewe. Mpe maji akihitaji, hata kama amefunga, au dawa yake ya moyo, na Firdian awe karibu. Mwache aseme atakalosema, alie anavyotaka, wala usimkatize kwa kemia. Kisha nendeni jikoni pamoja. Yeye afungue dirisha kwa mkono wake. Wewe ingiza mkono ndani ya oveni na uitoe foili.

Cek Romlah